Siku Tano Kisiwani Bila Kusema

Jumanne, 10 Juni
Tumefika! Boti imenitapisha mara mbili – kimya kimya, kwa adabu zote. Chumba kidogo, vitanda viwili, chandarua kimoja kina tundu. Nimechukua chenye tundu. Wifi ndiye aliyenifungia begi, akanileta huku nipumzike. Wifi huyu huyu, ambaye miaka tisa hatuivi chungu kimoja!

Daktari alisema siku kumi na nne bila neno, hata kunong'ona, mpaka kidonda cha operesheni kipone kooni. Zimebaki nne. Jumamosi saa nne asubuhi nijaribu. Mimi, mpiga debe wa stendi, miaka kumi na minane kwa koo tupu. Sauti isiporudi, sijui kazi nyingine.

Jumatano, 11 Juni
Tumepanda kilima. Mtembeza wageni anasema wengi hurudi wakinung'unika hawajaona kitu, kwa sababu wanapiga soga njia nzima. Sisi tumemwona paa! Mdogo, pua inachezacheza. Hatua kumi tu kutoka kwangu. Akanitazama, akaendelea kutafuna majani yake. Nilitaka kupiga kelele za furaha – yakatoka machozi. Wifi alidhani nimeumwa na siafu, akaniinamia kunikagua miguu.

Alhamisi, 12 Juni
Kenge! Mrefu kuliko kitanda changu, katikati ya njia. Wifi kapiga ukelele wa watu wawili, wake na wangu. Kenge mbio kichakani. Mtembeza wageni kacheka mpaka kakaa chini.

Nikamwandikia Wifi kwenye kijidaftari changu cha kuongelea: njoo stendi, nafasi ipo. Hakucheka. Kasema nisimwandikie mambo hayo, nafasi ile ni yangu. Kisha kanimenyea yai.

Ijumaa, 13 Juni
Mvua. Kima wamejibanza barazani, wanatuchungulia dirishani.

Wifi kaongea tangu asubuhi. Kumbe alikuwa ananiogopa! Eti nilipoolewa na kaka yake, niliingia kwao na sauti yangu, hakupata tena pa kuchomeka neno. Miaka tisa! Ningejuaje? Sikuwahi kunyamaza. Nashukuru. Hata kidonda nakishukuru, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 14 Juni
Saa nne na nusu. Tuko juu ya mwamba, tunawatazama kasa wakiibuka kuvuta pumzi. Maji maangavu, unawaona mpaka mapezi. Asante, asante.

Saa ya daktari imepita. Sijajaribu. Nimejisingizia kuwa kasa watashtuka – wako mbali huko chini! Naogopa. Je, ukitoka upepo mtupu?

Wifi kauliza nimeona wangapi. Nimemwandikia: watatu. Hakukipokea kijidaftari. Kasema, leo sisomi.

Kageuka, kanipa mgongo. Miaka tisa kanipa mgongo huo kwa hasira. Leo kanitegea sikio. Hageuki. Anangoja.

Nimemeza mate. Naweka kalamu