Nusu ya Kabanga

Liège, Ubelgiji

Mama yangu mpendwa, Mwambuyi, mama wa mapacha,

Nakusalimu nikiwa nimesimama, maana ulitufundisha kwamba mtoto hamsalimii mzazi huku amekaa. Nimesimama kweli, Mama. Karatasi iko juu ya friji, na msichana ninayekaa naye ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Sasa nimekaa. Goti lako linaendeleaje? Mvua imetuliza lile vumbi la malori, au bado mnafua nguo mara mbili? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma masikio, lakini nakula, na unga wa kusongea bukari nimeupata kwa Mkongo mmoja mwenye duka karibu na stesheni, usiwe na hofu.

Kabanga pacha wangu, wewe unayemsomea Mama kwa sababu anatafuta miwani ambayo iko kichwani mwake, soma polepole na usiruke mstari ukiona jina lako. Hasa ukiona jina lako.

Mama, nilipata sauti ya Kabanga kwenye simu. Alisema hivi, nami nimeisikiliza mpaka nimeikariri: "Yaya, famille ya Ilunga banakuya tena. Mama anabaambia bangoje. Anasema mapasa banaolewaka siku moja, na weye hauna hata muchumba. Lakini mujomba ya Ilunga anasema mvua ikiisha, bao habatarudia tena. Haina shida, yaya. Mi nitangoja." Aliposema "haina shida" sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayejizuia kulia. Huyo Ilunga anayemposa namfahamu tangu sekondari. Leo anafanya kazi Kingamyambo, kule wanakosafisha upya mabaki ya migodi ya zamani kupata shaba na kobalti. Mtu anayetafuta mali ndani ya kilichotupwa hana haraka. Wazee wake ndio wamechoka, na siwalaumu.

Ulisema maneno ya ndoa hayapiti kwenye simu. Ndiyo maana naandika, na barua hii itakufikia kwa mkono wa mtu wa kwetu anayerudi Kolwezi. Lakini kabla sijajibu, acha nikueleze kazi yangu. Kila Jumapili unaniuliza nafanya nini huku, nami nakujibu "naangalia panya", nawe unacheka mpaka simu inakatika.

Ni kweli naangalia panya. Lakini si wale wanaotoboa gunia lako. Hawa ni weusi, wasafi kuliko mimi, na wamezalishwa ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka wote wamekuwa kama mapacha. Ndani ya mifupa yao, kwenye uboho ule unaopenda kufyonza wa ng'ombe, mna seli chache zinazoitwa seli shina. Hizo ndizo mama wa damu. Kwazo huzaliwa damu nyekundu, na huzaliwa pia askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa. Sasa sikiliza ajabu yake. Kila seli, iwe mama au askari, imebeba kitabu kilekile cha maagizo. Maagizo hayo ndiyo jeni. Hakuna aliyepewa kitabu kinene kuliko mwenzake. Wanatofautiana kwa kurasa zilizofunguliwa tu. Mimi kazi yangu ni kuchukua seli hizo moja moja na kupima jeni zipi zinasema na zipi zimenyamaza.

Mara ya kwanza nilipoona majibu kwenye kompyuta, kila seli nukta moja ya rangi, maelfu ya nukta, na nukta zinazofanana zimejikusanya pamoja zenyewe bila mtu kuzipanga, nilishika mdomo. Nikasema kwa sauti, "Mungu ni fundi." Wenzangu waligeuka. Hawakujua nimesema nini, lakini mmoja alitikisa kichwa kukubali.

Na kilichonishangaza kuliko vyote, Mama, ni kwamba seli shina nyingi zimelala. Zimelala usingizi wa kweli, kurasa zimefungwa. Ugonjwa ukiingia, mwili unapiga mbiu, nazo baadhi zinaamka na kuzaa askari. Baadhi tu. Kama zingeamka zote kila mara, damu ingechoka na mtu angekwisha kabla ya wakati. Nimekaa mbele ya jambo hilo kama wewe unavyokaa kanisani kwaya inapoimba vizuri.

Mkuu wetu ni Profesa Annick. Mwanamke mfupi, mvi kichwa kizima, sweta moja mwaka mzima. Ungemwona sokoni ungempunguzia bei kwa huruma. Lakini mikono yake! Panya akiwa mikononi mwake anatulia kama mtoto aliyeshiba. Sitakuficha, panya hao hawaishi baada ya kazi, na kwa sababu hiyo Profesa hataki mzaha wala muziki ndani ya chumba kile. Anasema anayetoa uhai wake kwa ajili yetu asiutoe huku watu wanacheka. Nilimpenda siku aliyosema hayo.

Kazi ilikuwa hii. Panya wanakaa wawili wawili, wa uzazi mmoja. Mmoja unamchoma dawa inayoudanganya mwili kwamba ugonjwa umeingia, ili tuone seli shina zake zinaitikaje. Mwenzake unamchoma maji ya chumvi, ambayo hayafanyi kitu. Rahisi, sivyo? Asubuhi ile ndiyo nilikuwa nimesikiliza sauti ya Kabanga. Nikamchoma wa kwanza dawa. Nikamshika wa pili, akawa ananitazama kwa vijicho vyake, na maji ya chumvi yako pale pale mezani, lakini mkono wangu ukarudi kwenye dawa. Nikampa na yeye. Nikaenda kwa wawili wanaofuata, nao hivyo hivyo. Niligawa sawa kwa sawa mpaka mwisho, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Sikujua kama nimekosea. Nilijiona nimetenda haki.

Unacheka, Mama? Ni wewe uliyenilea hivyo. Tulipokuwa wadogo ulikuwa unakata kitumbua kwa uzi, si kwa kisu, ili nusu zisipishane hata kidogo. Shangazi akinipa karanga moja, ulimwambia, "Mupe na mwenzake, ao mutamugonjesha." Pacha aliyenyimwa huugua, hilo tulinyonya na maziwa.

Majibu yalipotoka, panya wote walikuwa wanapiga kelele ileile. Waliopaswa kuwa kimya walikuwa na jeni za vita zimefunguliwa kama wenzao. Profesa aliyatazama mbele ya kikundi chetu chote, kisha akaniuliza, "Mbuyi, hawa nao walipewa dawa?" Palepale ndipo nilipoona mkono wangu unavyorudi kwenye dawa. Nilitamani sakafu ipasuke kama zile sakafu za Kasulo zilizochimbwa chini. Nikasema, "Ndiyo, Profesa. Niliwapa wote." Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwa Kifaransa kwamba kwetu hagawiwi pacha mmoja peke yake.

Kijana mmoja alicheka. Profesa hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu nami, akataka kujua habari ya uzi na kitumbua, na jina la mama aliyefanya hivyo. Nikamtajia. Akalirudia vibaya, mara mbili, mpaka likakaa. Kisha akasema, "Mama yako ana haki. Ila hapa tunahitaji mmoja akose, ili tujue aliyepata amepata nini. Kesho tunaanza upya, na mimi nitakaa pembeni yako." Nilidhani yamekwisha. Alipokuwa anasimama akageuka, "Kumbe wewe mwenyewe ni pacha? Mwenzako yuko wapi?" Nikasema yuko Kolwezi, anauza vitenge sokoni na kumtunza mama yetu. Akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa, "Na wewe ulipopewa kuja huku, yeye alipewa nini?"

Nilikwenda kunawa mikono na nikakawia sana kwenye bomba.

Tulianza upya. Profesa Annick alikaa pembeni yangu kama alivyoahidi, na safari hii niliwachoma wengine maji ya chumvi, huku nikiwaomba radhi kimoyomoyo kwa Kiluba. Majibu yalikuja mazuri mno. Kwa waliopewa dawa, kurasa zinafunguka, seli mama zinaamka. Kwa wenzao, kimya na amani. Watu walipiga makofi. Nami nikawa nawatazama wale wa maji ya chumvi, ambao hakuna aliyewapigia makofi, na bila wao tusingejua kitu.

Basi nakuja kwenye jibu lako. Unakumbuka nafasi ya masomo ilipokuja? Mimi na Kabanga tulifaulu sawa, wala hukushangaa, ulisema ingekuwa ajabu kama tungepishana. Lakini nafasi ilikuwa ya mmoja. Safari haikatwi kwa uzi. Ulikaa jikoni tangu asubuhi, na ni Kabanga aliyekuja kukwambia, "Mama, yaya aende. Mi nitabakia na weye." Ukalia, ukanifungia mzigo. Mimi nikapanda ndege. Nimepewa shule, nimepewa theluji, nimepewa Profesa Annick na nukta za rangi. Kabanga alipewa maji ya chumvi, Mama. Na hakuugua. Hakukasirika. Kila Jumapili ndiye anayekushikia simu ili unione vizuri. Mimi nasifiwa huku kwa akili, lakini mtu ninayemstaajabia kuliko maprofesa wote ni yeye.

Unaniambia mapacha wasitenganishwe katika kupewa. Nakubali, wala sitaki tuivunje desturi. Nasema ilikwisha kuvunjwa siku ile ya ndege, na sasa kuna njia ya kuirekebisha. Mimi mkubwa nilitangulia kupokea. Ilunga ni zamu ya Kabanga. Ukimzuia aningoje, hutakuwa umetugawia sawa. Utakuwa umeninyima mimi raha na yeye mume, na mimi ndiye nitakayeugua huku, kwenye baridi.

Najua hukubali kitu kwa sababu watu wamechoka kungoja. Wewe ndiye uliyesimama mlangoni siku majirani wote walipokuwa wanachimba kobalti chini ya nyumba zao, na vijana wakaja na sururu kutaka sebule yetu. Ukawaambia, "Hapa chini njo kulizikwaka bitovu bya batoto bangu babili. Mukachimbe kwenu." Nyumba yetu bado imesimama kwa sababu yako. Siombi uwaogope wazee wa Ilunga. Naomba uwapokee kwa sababu mkubwa wa mapacha amesema, na ninasema: mimi Mbuyi natoa ruhusa yangu, isomwe mbele ya pande zote mbili. Siku hiyo wekeni kiti changu kando ya cha Kabanga, na juu yake kitenge kama chake, kwa metraji ileile, mita kwa mita. Mume wangu mimi atakuja akija, na akikawia, usitafute wa kunikopea.

Nisalimie Shangazi Ngalula, dada wa marehemu Baba, mwambie karanga zake bado nazitamani. Nisalimie Mjomba, ndugu yako, ambaye najua atataka kuongea kwanza siku hiyo, mwacheni aongee. Msalimieni mchungaji na kina mama wa kwaya. Msalimieni na Shemeji Ilunga, na nimemwita hivyo kwa makusudi.

Kabanga, kama umefika hapa bila kulia, umenishinda. Mpe Mama miwani yake sasa, mistari ya mwisho asome mwenyewe.

Mama, kile kitumbua cha siku ile ya ndege ulikikata. Nusu yangu nilikula zamani, nikashiba. Nusu ya Kabanga bado iko mkononi mwako. Mupe.

Ni mimi mwanao mkubwa kwa dakika chache tu,
Mbuyi