Mstari Shingoni mwa Chupa ya Binti Yangu

Binti yangu amekuwa mkuu wa maabara! Maabara nzima, yenye watu kumi na mmoja wa makoti meupe wanaomwita bosi! Haya, sasa hujambo mshauri, nisamehe kuanza kwa kelele, nina furaha na hofu kwa pamoja.

Mimi ni muosha vyombo mgahawani, mwaka wa ishirini na mbili huu, shule niliishia la saba lakini glasi niliyoiosha mimi unaweza kujitazamia meno, na huyu binti ndiye anayepima maji ya kunywa ya mji mzima, mkinywa mkaamka salama mumshukuru yeye, na mimi kidogo. Sasa anayo chupa ya kupimia, tumbo la duara, shingo ndefu, alipewa na marehemu mwalimu wake wa kemia siku aliyofaulu, na juzi akanipigia, "Mama, nitolee ile chupa kabatini, Jumatatu naanza nayo kazi." Nikasema haiendi na vumbi, nikaiosha, nikaona shingoni mstari mwembamba mweupe umezunguka, nikasema doa hili litaniaibisha mbele ya wasomi, nikalisugua kwa majivu na waya wa sufuria mpaka likaisha, tena nikajipongeza! Jirani yangu muuguzi alipoiona akashika kichwa. "Mama Bosi, umeua! Maji yanapimwa mpaka kwenye huo mstari. Sasa hiyo ni chupa ya maua."

Basi nikachukua rangi ya kucha nyeupe nikachora mwingine kwa kukadiria, na umekaa vizuri, jicho langu halikosei, lakini tangu hapo naamka usiku kwenda kuutazama. Nimwambie, au nimwachie furaha yake? Usafi ndicho kitu pekee nilichoweza kumfundisha mwanangu, na humo ndimo nilimokosea. Sherehe ya Jumamosi nimeshaita mtaa mzima, na wewe umo.

Mama Bosi

*

Mama Bosi, hongera, na sasa keti.

Kusugua nakusamehe. Ulikutana na chombo usichokijua ukakifanyia lile unalolijua vizuri kuliko wote. Ila hiyo rangi ya kucha, mama, hapo umenikasirisha. Jicho lako ni la kuona madoa. Maji yakizidi kidogo tu kwenye shingo hiyo, dawa ya kupimia inakuwa hafifu, majibu yanatoka ya uongo, na karatasi ya majibu ina saini ya mwanao, haina yako.

Futa mstari huo leo, kabla hujainjika chungu. Kisha mpigie mwenyewe, usimtume muuguzi. Sema, "Mwanangu, nimefuta mstari wa chupa ya mwalimu wako nikidhani ni uchafu." Ukishasema hilo, usimjazie maneno, nimeshakujua. Huenda akalia, atakuwa anamlilia mwalimu wake, si wewe.

Na hilo la kitu pekee, acha. Nani alimzoesha kuinua glasi kwenye mwanga kabla ya kuitumia? Hiyo chupa ataiinua vivyo hivyo, na angeiona rangi yako kabla hujavuta pumzi. Haitapima tena, lakini inaweza kukaa mezani kwake ofisini, hata na maua. Hilo aamue yeye.

Mimi uniwekee kiti karibu nayo. Mpigie leo hii, mama, maana sote tunakuja Jumamosi, saa nane mchana.