Mstari wa Mama kwenye Fomu ya Kodi

Februari 6

Mwanangu Shigeki,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila baridi inanishika magoti. Mguu umepata nguvu, natembea hadi chooni kwa fimbo bila kushikwa mkono. Mgongo wa Sanae unaendeleaje? Mkeo asibebe ndoo za soya na wewe upo.

Tarehe kumi na sita wanaanza kupokea fomu za kodi. Miaka arobaini nimejaza fomu ya duka letu la tofu ya soya, sasa ni zamu yako, basi nisikilize. Risiti zangu za daktari na dawa ziko kwenye kopo la biskuti. Zijumlishe na zenu, gharama za matibabu zinapunguza kodi. Halafu kuna mstari wangu. Nimepita miaka sabini, kwa hiyo unapata nafuu ya kodi kwa kumtunza mzazi mzee, na inaongezeka kama mzazi anaishi nawe. Usihofu kwamba nimelazwa. Mgonjwa wa hospitali anahesabiwa yuko kwake, hata alale mwaka mzima.

Daktari tunamwona mara moja kwa wiki. Hospitali gani hii? Natoka lini?

Mama yako,
Fusae

Februari 20

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Sanae anakusalimu, mgongo umetulia.

Risiti nimezipata. Nimejumlisha mara tatu na kila mara jibu jipya, ungekuwepo ungenicheka. Mstari wako nitaujaza mwishoni. Kuhusu kutoka, tungoje kidogo, barabara bado ina barafu.

Mwanao,
Shigeki

Machi 1

Shigeki,

Habari za huko? Mimi nakula vizuri, nalala vizuri.

Kwa nini mwishoni? Kuandika kwamba mama yako anaishi nawe kunahitaji siku ngapi? Ulipokuwa mdogo, ukifanya kosa ulikula bila kuinua macho, na barua yako naiona imeinama hivyo hivyo. Mwisho ni tarehe kumi na tano. Najua fedha yenyewe si nyingi. Niandike nipo nyumbani, mwanangu.

Mama yako

Machi 14

Shikamoo Mama,

Natumai umeamka salama. Mimi sijalala vizuri siku mbili hizi.

Jana nilipeleka fomu. Nilikuwa nimeandika unaishi nasi, kama ulivyoniagiza. Mama mmoja wa pale ofisini, mtu mpole, akapitia risiti zangu, akaona ile ya malipo yako ya kila mwezi. Akaniuliza, "Mama yuko hospitali, au yuko makao ya wazee?" Nikasema hospitali. Akaniwekea risiti mbele, kidole kwenye jina la mahali. "Wa hospitali bado yuko kwenu," akasema. "Wa makao anaishi makaoni. Rekebisha hapa tu, bwana, watu wengi wanakosea." Nikayakata maneno yale kwa mkono wangu, nikaandika huishi nasi.

Mama, hapo si hospitali. Nilitia saini Novemba, nikakwambia ni mpaka mguu upone. Chumbani kwako tumeweka magunia ya soya. Nilishindwa kukuinua usiku na kuamka saa tisa kupika tofu, lakini kushindwa ni kitu kimoja, na kukudanganya mama yangu ni kingine. Najuta. Nigombeze, ila usininyamazie.

Mwanao,
Shigeki

Aprili 9

Mwanangu Shigeki,

Hamjambo? Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza barua, naichana.

Nilijua tangu Desemba, waliponishonea jina kwenye soksi. Hospitali haishoni soksi za mtu. Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka uniambie mwenyewe.

Sasa na mimi nikwambie. Bibi yako, mama mkwe wangu, hakufia hospitali kama tulivyokwambia ulipokuwa shule. Alikuwa makao ya wazee, miaka miwili. Kila mwaka nilimwandika kwenye fomu kwamba anaishi nasi. Hakuna aliyeniuliza, na moyo wangu ukatulia, nikajiona sikumtoa nyumbani. Kila Jumapili aliniuliza anarudi lini. Nikamwambia baada ya mavuno, kisha baada ya mwaka mpya. Siku aliyofariki, nguo zake zote zilikuwa ndani ya mkoba, zimekunjwa, tayari kwa safari.

Wewe umenijibu. Imeniuma, lakini umenijibu. Jana nilifungua mkoba wangu, nguo nikazipanga kabatini. Jumapili ukija, niletee hanga chache za kutundikia.

Mama yako,
Fusae