Mufupa ya Bega, na Kuku Mweusi

Papa yangu mupendwa,

Unajua mudomo yangu, haisemake mingi. Donc naandika. Masomo niliachia primaire, utavumilia makosa. Tangu tulikuzika, ni mimi navushaka batu kutoka Lubunga mpaka centre, ngambo ingine ya muto, na mutumbwi yako.

Juzi niliwabeba banafunzi mbili ba médecine. Mumoja alikuwa na kitabu ya Kiingereza, anamuuliza mwenzake.

«Clavicle. Inatoka wapi?»

«Kilatini. Clavicula. Maana yake funguo mudogo.»

«Funguo ya nini, we muongo?»

«Ile mufupa ya juu ya kifua, mpaka kwa bega. Nyanyua mukono, unasikia inazunguka? Kama funguo mu mulango. Ndio balimupa ile jina.»

Ule wa kitabu akanyanyua mukono, mutumbwi ikayumba. Mama moja wa kuuzisha pondu, majani ya muhogo, akasema: «Docteur, utatuzamisha mbele ya kutuponesha.»

Batu bakacheka. Mimi niligusa mufupa yangu. Inazunguka muzuri. Nikawaza yako.

Ile mwaka uliteleza na mufuko ya makala ya kupikia, mufupa ya bega ikavunjika. Tulikupeleka Yanonge kwa tonton yenye kufungaka mifupa. Akavunja bawa ya kuku mweusi, akaifunga sawa alikufunga wewe. Akasema: «Siku kuku itapiga mabawa yote mbili, na wewe utashika pagaie, uvute mutumbwi tena.» Tukarudi na kuku nyumbani. Kuichunga ilikuwa kazi yangu. Uliniambia: «Fils, mutoto yangu, bega yangu iko mu mikono yako.»

Papa, ile kuku ilikufa. Siku ya kenda, asubui, niliikuta imekauka. Niliogopa. Niliitupa mu mayi ya muto, nikakamata ingine mweusi ya mama, nikaifunga bawa yenye haina kitu. Tonton alikuja, akatosha kamba, kuku ikaruka mpaka juu ya nyumba. Batu bakapiga mikono. Na wewe bakakufungulia. Kumbe mufupa yako ilikuwa bado mubichi.

Tangu pale mukono yako haikupandaka tena kupita sikio. Ulikuwa unavuta pagaie ya upande moja, unasema ni uzee. Haukukuwa muzee. Nilikuwa naona byote, nanyamaza.

Nilichoka. Si mayi yenye ilinichokesha. Jana nilimuambia mama. Aliendelea kukata pondu, akasema: «Nilikosa kuku moja ile mwezi. Papa yako naye alijua, wakati mukono ilikatala. Alisema: tumuache, atasema yeye mwenyewe.»

Miaka ine, papa. Kila asubui sisi wawili mu mutumbwi moja, wewe mbele, mimi nyuma natazama mugongo yako. Ulikuwa unaningojea.

Unisamee. Lala muzuri.

Ni mimi, mutoto yako wa kwanza.