Mlio wa pikipiki ya kaka

Weee, baba mdogo karudia mchezo wake! Yuleyule aliyeuza cherehani ya mama bila kumuuliza.

Safari hii kapeleka pikipiki ya marehemu kaka ikafunguliwe injini. Mama akamfuata hadi gereji. Fundi akaitikisa konrodi, ule mkono wa chuma ndani ya injini, ikacheza kama jino bovu. "Beringi imelika, mama. Ndiyo iliyokuwa inagonga."

Mama akamsihi asiibadilishe. "Kwa kugonga huko nilijua mwanangu kafika, nikainuka kumfungulia."

Baba mdogo akacheka. Alicheka, unanielewa? "Shemeji, huo ni ugonjwa, si wimbo!"

Leo kaingia nayo uani, beringi mpya, injini inanguruma laini bila kugonga. "Unaisikia, shemeji?"

Mama hata shingo hakugeuza.

"Siisikii," akasema. "Leo ndiyo naamini mwanangu hayupo."