Bua Halipimi Upana

Jumapili, 4 Mei
Kanisani tena na viatu vyekundu. Mahubiri hayajaisha, cha kulia nimeshakivua chini ya benchi. Nundu iliyo kando ya kidole gumba inawaka moto. Miaka sita navivaa kila Jumapili kwa sababu aliyenunua ni Baba Kulwa. Alipoondoka hapa Ushirombo kwenda machimboni Nyarugusu, alinipima mguu kwa bua la mtama, akalikata, akaenda nalo dukani. Bua linapima urefu tu. Vilipofika vikanibana. Nikamwambia kwenye simu vimenikaa barabara. Uongo huo ni wangu.

Jumatano, 7 Mei
Zahanati, na viatu vyekundu mkononi. Nilidhani nimerogwa. Nesi kacheka. Kumbe si nyama iliyoota, ni mfupa wa kiungo umesukumwa nje, kidole gumba kikaegemea cha pili. Ndiyo maana hicho cha pili kimepanda juu na kina sugu. Akauliza kuhusu miguu ya mama yangu. Ilikuwa hivi hivi. Basi viatu havikuanzisha, vimechochea tu. Mfupa haurudi wenyewe. Maumivu yakizidi, upasuaji. Kwa sasa viatu vipana.
"Hivyo vyekundu kaviweke, Mama Kulwa."
Nimelia njia nzima. Kwa ajili ya viatu!

Ijumaa, 9 Mei
Baba Kulwa kapiga simu. "Duara likitema dhahabu tu, nakuja." Shimo lao lile lile, maneno yale yale. Nimeyachoka. Nilitaka kumwambia habari za mguu, nikaona aibu. Aliniacha na mguu mzuri.

Jumamosi, 10 Mei
Nimekanyaga karatasi ya daftari, nikauchora mguu wote kwa kalamu, na nundu yake. Nyuma nikaandika: Nilikudanganya. Viliniumiza tangu siku ya kwanza. Nimekukumbuka mno.
Kondakta wa basi la Nyarugusu kaichukua. Sasa najuta. Akiuona mguu huu, atarudi kweli?

Jumatano, 21 Mei
Kimya. Hata simu hakuna. Namchukia. Uongo, simchukii.

Jumamosi, 24 Mei
Kifurushi. Katambuga za tairi, kazikata mwenyewe, naujua mkono wake. Ya kulia imetanuka pale pale penye nundu, na mkanda unapita mbali nayo. Karatasi yangu imo ndani. Kaongeza mstari mmoja: Ungeniambia, mke wangu.

Jumapili, 25 Mei
Kanisani na katambuga. Kwenda na kurudi, sikuvua. Kwenye benchi niliacha nafasi ya mtu mmoja kando yangu, kama kila Jumapili.