Safu Iliyoruhusiwa Kuachwa Tupu

Mwanangu Shabani, baba yangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa madam, hapa Al-Hamra, Jeddah, wali ukiwa motoni, maana nikikaa nikatulia kalamu hainiendi. Mimi niliishia darasa la nne, unajua. Wewe ndiwe uliyesoma mpaka wakakuleta Riyadh kwa mkataba, ukakaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Mama mpishi Jeddah, mwana mtu wa kompyuta Riyadh! Kwetu Kondoa nzima walijua, kwa sababu niliwaambia mwenyewe.

Unakumbuka Ijumaa zetu? Simu naiegemeza kwenye kopo la sukari, wewe unaongea, mimi namenya vitunguu. Kwanza nikuulize umekula nini, kisha umejifunika nini, maana baridi ya huko niliambiwa inapenya mpaka kwenye mifupa. Ijumaa moja nikakuuliza, hivi kazi yako hasa ni ipi? Watu wakiniuliza nawajibu "kompyuta", naishia hapo.

"Mama," ukasema, "ukiingia jiko la watu mara ya kwanza, unaanza kupika?"

"Kwa wazimu gani? Nafungua makabati kwanza, nijue chumvi inakaa wapi."

"Basi na mimi hivyo hivyo. Habari za watu zimewekwa kwenye majedwali. Kabla sijaliuliza jedwali lolote, naliuliza kwanza lina safu zipi. Linanitajia: hii ya jina, inapokea herufi. Ile ya tarehe. Hii lazima ijazwe, ile inaruhusiwa kuachwa tupu."

"Tupu si ndiyo sifuri?"

"Hapana, mama. Sifuri ni jibu. Tupu ni kwamba hakuna aliyejibu."

Nikakuuliza safu yako ya mke itajazwa lini. Ulivyocheka! "Hiyo inaruhusiwa kuwa tupu, mama. Ya kwako ya wasiwasi ndiyo hairuhusiwi." Nikauliza tena, sasa nani anayeruhusu? Ukasema ni yule anayelitengeneza jedwali, na kwamba wewe mwenyewe, siku za haraka, unaruhusu tu ili kazi isikwame. Mimi nikageuza vitunguu. Lilinipita sikioni.

Mara moja tu ulikuja Jeddah. Madam alinipeleka ufukweni akiendesha gari mwenyewe. Wanawake walikuwa wameruhusiwa usukani juzi tu, nami nilikuwa kiti cha nyuma nimeshika mlango kwa mikono miwili, nasoma kila dua ninayoijua. Ulinipokea ukaniuliza mbona nimelowa jasho. Tulitembea, muziki unapigwa hadharani, mabinti wanapita na kahawa mkononi, ukasema, "Nchi inabadilika, mama. Siku si nyingi nitakuita Riyadh ukae kwangu mwezi mzima, upumzike, nikupikie."

"Unipikie wewe? Nitakufa njaa."

Ulinikumbatia palepale mbele za watu. Shati lako lilinuka sabuni ya unga, hukulisuuza vizuri. Nilitaka kukwambia, nikaona nisikuaibishe.

Kisha ikaja ile simu ya Idrisa, yule Mkenya mlinzi uliyeishi naye chumba kimoja Al-Murabba. Umeanguka ofisini. Moyo, walisema. Moyo gani, baba, na umri ule? Madam alikuwa safarini na bila yeye sikuwa na ruhusa ya kutoka. Nyumbani, baba yako mdogo akakubali kwa simu uzikwe huko huko, kafili wako, yule mdhamini aliyekuleta kazini, akasaini karatasi, halas, yakaisha. Idrisa aliomba nusu siku tu akuzike, bosi wake akamnyima. Ulizikwa na watu wema, Mungu awalipe, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyekujua jina. Madam aliporudi akaniruhusu, nikafika Riyadh ulikuwa umeshalala.

Nilitaka kitu kimoja tu: kujua kaburi lako ni lipi. Makaburi ya huku hayaandikwi jina, ni jiwe tu. Tukaenda mimi na Idrisa kwenye ofisi inayoshughulika na hayo. Alikuwepo binti mdogo, mtaratibu, ananiita "mama" kwa Kiarabu chake. Akaingiza namba ya ikama yako, kile kibali cha kuishi huku. Ukatokea! Jina lako, uraia wako, tarehe yako ya kuzaliwa. Nilimshika Idrisa mkono kama vile umeingia mlangoni.

Yule binti akashuka mpaka safu ya namba ya kaburi. Akafungua ukurasa mwingine, akawa anasoma safu zote za jedwali lile moja moja, kidole juu ya kioo. Nilijua anachofanya. Alikuwa anafungua makabati, labda namba yako iliwekwa mahali pengine. Kidole kikarudi palepale, akasema "fadhi". Neno hilo nalijua, ndilo analosema madam mtungi wa gesi ukiisha.

"Mathe," Idrisa akaanza, "anasema hiyo safu ya kaburi, system yao inakubali—"

"Iachwe tupu," nikamwambia. "Nimeelewa."

Laiti nisingeelewa. Wenzangu wangeambiwa "subirini, tunatafuta", wakarudi na tumaini lao. Mimi nilijua hakuna kinachotafutwa. Kuna mtu alikaa siku moja akaruhusu, kazi isikwame. Siwezi hata kumkasirikia, kwa sababu kila nikimwaza ana sura yako.

Tukaenda makaburini. Wanawake hatuingii. Nilibaki kwenye teksi nje ya ukuta, Idrisa akaingia na simu sikioni. Nilisikia kokoto chini ya viatu vyake, akaenda, akaenda, kisha akasimama.

"Mathe, niko ndani. Ni mawe tu, na yote yanafanana. Nisimame wapi?"

Baba, nilikuzaa mimi, nisijue ulipolala. Dereva akazima redio.

"Mathe, uko? Nisimame wapi?"

"Simama hapo hapo ulipo. Wasalimie wote."

Akawasalimia, kwa sauti, ili na mimi nisikie.

Mkataba wangu unaelekea kwisha. Nitakaporudi wataniuliza nimekuacha upande gani, nitasema Riyadh, na Riyadh haina mwisho. Naomba dua, lakini sikufichi, mwanangu, ndani mwangu mmezimika.

Lala salama, baba. Kama ulikuwa karibu na pale aliposimama Idrisa, ile salamu ilikuwa yangu.

Mimi mama yako